Shaba Haipotei

Vijana ninaowafundisha kutengeneza bodi za saketi hapa Mwanza huniuliza dawa ipi ya kuondolea shaba ni salama. Wengi wamekwisha kujijibu: siki, chumvi na peroksaidi ya duka la dawa, kwa kuwa ni vitu vya nyumbani. Feriki kloridi inatia madoa yasiyotoka, asidi hidrokloriki inatoa mvuke unaokaba koo. Basi siki wanaiona haina dhambi.

Sikubaliani nao. Shaba ya kwenye bodi ina unene wa mikroni 35 hivi. Bodi ya sentimita 10 kwa 10 hubeba takriban gramu 3, na ukiondoa nusu tu, shaba hiyo ikimwagwa yatosha kufikisha lita 750 za maji kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, miligramu 2 kwa lita. Siki haipunguzi hata chembe. Mrututu, ambao nao ni chumvi ya shaba, uliwahi kutumika kuua konokono wa kichocho. Konokono hajali shaba imeyeyushwa kwa siki au kwa asidi.

Madrasa tulifundishwa kwamba amali hupimwa kwa nia, nami naliamini hilo kwa moyo wote. Lakini vitabu vya fiqhi huanza na mlango wa tohara, yaani maji, na humo mtu anakatazwa kujisaidia kwenye maji yaliyotuama. Atakayekuja kuchota anahifadhiwa, hata kama mchafuzi hakumkusudia ubaya. Kwangu, nia inayoishia pale bodi inapokamilika haijatimia.

Ndiyo maana natumia ile wanayoiogopa, asidi hidrokloriki na peroksaidi. Nachanganyia nje, miwani machoni, asidi ikiingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Baada ya muda kloridi ya shaba yenyewe ndiyo inayofanya kazi. Ikichoka, kijani chake angavu hugeuka hudhurungi. Naipulizia hewa kwa pampu ndogo, naongeza asidi kidogo, kijani kinarudi. Dumu ni lile lile mwaka hadi mwaka, na shaba yote niliyoyeyusha imo humo, chini ya ulinzi wangu.

Wataniambia nimwage tu, maana Ziwa Victoria ni kubwa. Ni kubwa kweli. Ila mfereji wa mtaani kwetu hupita kwanza nyuma ya nyumba za watu, ukaingia Mto Mirongo, na kandokando kuna wanaomwagilia mchicha. Gramu yangu itamfikia mwenye mchicha kabla haijafika ziwani.