Jengo la Umma na Deni la Vizazi

Tuzungumzapo juu ya utamaduni wa taifa, fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi na mavazi. Ni mara chache tunakumbuka kwamba jengo nalo ni sehemu ya utamaduni, na kwamba gharama yake haikomi siku ya kukata utepe.

Tuchukue mfano wa ofisi ya umma yenye vyumba 60 katika mwambao wetu. Kuta zake ni za vioo, nazo zinaelekea mashariki na magharibi, zikipigwa na jua la asubuhi na la alasiri. Hapana budi kila chumba kiwe na kiyoyozi. Ikiwa kila kimoja kitatumia kilowati 1 kwa saa 8, siku 250 za kazi, jengo litameza uniti 120,000 kwa mwaka. Kwa miaka 40, uniti 4,800,000. Aliyetia sahihi mkataba ataonekana mwekevu, lakini ankara zitalipwa na hao walio darasani hivi leo.

Waliojenga mwambao zamani walilielewa jua. Boma la Kale la Dar es Salaam, la miaka ya 1860, lina kuta nene za mawe ya matumbawe. Beit al Ajaib ya Unguja, ya mwaka 1883, ilizungushiwa veranda pana zilizotia kuta kivulini. Hata hivyo, sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020. Usipoziba ufa utajenga ukuta: anayehesabu umeme wa miaka 40 na ahesabu pia matengenezo yake.

Wako watakaosema kwamba nchi maskini haiwezi kungojea faida ya miaka 40, na kwamba fedha inayoongezwa ukutani ni darasa lisilojengwa. Hoja hii ni nzito, wala hatuidharau. Lakini kuelekeza madirisha kaskazini na kusini ni kazi ya kalamu kabla haijawa kazi ya fedha. Na pale ambapo kivuli chadai fedha zaidi, na tujiulize: deni gani ni la haki? Kwetu sisi, ni lile ambalo mlipaji wake hupata manufaa yake. Mtoto atakayelipia darasa amerithi elimu. Atakayelipia joto la vioo amerithi uzembe wetu.

Basi, kabla ya kuuliza jengo litapendeza vipi, tuulize litamgharimu nani.