Forodha, simu na sikio la mtawala



Kuna suali ambalo sisi walimu wa dini tunaulizwa sana siku hizi, na mara nyingi tunalijibu kwa haraka. Mfanyabiashara anaeleta simu, redio koli au vifaa vya intaneti kutoka Dubai au China anatakiwa na sheria awe na leseni, na vifaa vyake viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Je, kutii huko ni wajibu mbele ya Mwenyezi Mungu, au ni kumsaidia mtawala kuwachunguza waja Wake? Wapo wanaosema: tii tu, hao ndio wenye mamlaka. Na wapo wanaosema: hao wanataka kutusikiliza, pitisha mzigo kwa njia za panya. Kwa maoni yangu majibu yote mawili yana kasoro, kwani yanachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali: kukagua mzigo na kumchunguza mtu.

Tuanze na mzigo. Posta na simu ni jambo la Muungano, hivyo sheria inayotumika hapa Unguja ni ile ile ya Bara, yaani Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Humo ndimo lilimowekwa daftari kuu la namba za utambulisho wa simu, zile tarakimu 15 unazoziona ukibonyeza *#06#. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zenye namba bandia zilizimwa nchi nzima. Walioumia ni wengi, khasa masikini walionunua kwa nia safi.

Je, hiyo ilikuwa dhulma? Mimi naona aliyemdhulumu yule masikini ni aliyemuuzia. Katika historia ya Uislamu alikuwapo muhtasib, msimamizi wa soko, anayekagua mizani na vipimo na kumzuia muuza maziwa asitie maji. Hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa kukagua mizani ni kuingilia siri za watu. Simu bandia nayo ni mizani mbovu. Na redio isiyoidhinishwa ni jambo zito zaidi. Sisi wa Mbweni ndege zinatupitia karibu zikienda kutua uwanja wa Abeid Amani Karume. Redio inayorusha mawimbi ovyo ikaingia katika masafa ya marubani inaweza kuhatarisha roho za watu ambao mwenye redio hawajui. Kumzuia mtu asidhuru wenzake si kumuonea.

Hivyo basi, anaeandika "vipuri" katika hati za forodha kumbe sandukuni mna redio amesema uongo. Anaempa karani kitu ili asifungue sanduku ametoa rushwa. Asijitetee kuwa analinda faragha ya wateja, kwani hata faragha yenyewe hailindi. Siku mteja atakapotia laini katika simu ile, laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole kama inavyotakiwa tangu usajili mpya wa 2019 na 2020, mnara utaisoma namba ya simu na jina litajulikana. Magendo yameokoa ushuru tu, siri haikuokoka.

Sasa tuje kwa mtu. Hapa hukumu inabadilika kabisa. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, na katazo hilo halikumtoa mtawala. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akizunguka Madina usiku alisikia sauti za ulevi ndani ya nyumba, akapanda ukuta akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kuwa yeye amekosa moja na Amirul Muuminin amekosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na ameingia bila idhini wala salamu. Umar akamwacha.

Tuizingatie habari hii, kwa sababu inajibu ule msemo unaopendwa na wakubwa, kwamba asiye na kosa hana cha kuogopa. Mtu yule kosa alikuwa nalo! Hata hivyo ukuta wake ulikuwa na heshima. Sitara basi ni haki ya kila mja, mwema na mkosefu.

Wanavyuoni hawakuacha jambo hili bila mipaka. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, anaeleza katika kitabu chake cha hukumu za utawala kuwa muhtasib hana ruhusa ya kufukua yaliyofichika. Lakini akipata habari kwa mtu mwaminifu kuwa kuna mauaji yanayotaka kutendeka, jambo ambalo likishapita halirudishiki, hapo anaruhusiwa kuchunguza. Kwa hiyo uchunguzi ni dharura, wenye habari ya kuaminika na kosa maalumu. Haukuwa desturi ya kila siku kwa kila mtu.

Tatizo la zama zetu ni kuwa chombo kimoja kinaweza kufanya kazi zote mbili, na hofu ya watu si uzushi. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879 kwa mkono wa kampuni ya Kiingereza. Vita vilipoanza Agosti 1914, Waingereza walizikata nyaya za Wajerumani baharini, na habari zilizopita katika nyaya zao wenyewe zikawa zinasomwa na wakaguzi wao. Mwenye waya ndiye mwenye sikio. Mwaka 2013 TCRA ilifunga mtambo wa kusimamia mapito ya simu, na ikaeleza kuwa kazi yake ni kuhesabu dakika ili kodi isipotee, si kusikiliza maneno. Kuhesabu ni halali, kama kupima pishi za mchele. Lakini raia anayekumbuka jinsi intaneti ilivyozimwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, hawezi kulaumiwa akiuliza mkono ulioshika kitasa unazuiwa na nani.

Wenzetu wa Kenya waliuliza suali hilo kwa njia iliyo wazi. Mwishoni mwa 2024 walitangaziwa kuwa waingizaji wa simu wawasilishe namba za kila simu kwa mamlaka ya mapato, kuanzia Januari 2025. Waliopinga hawakukimbilia magendo, walikwenda mahakamani, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikaubatilisha utaratibu ule. Kabla ya hapo kesi nyingine kuhusu mtambo wa kuchunguza simu ilishinda mwaka 2018 na ikapinduliwa katika rufaa mwaka 2020. Kushinda si lazima. La lazima ni kupinga kwa uso mkunjufu na jina lako likiwa juu ya karatasi.

Basi mfanyabiashara afanye nini? Akitakiwa kutaja mzigo wake, autaje kwa ukweli na alipe. Akiletewa amri halali kwa maandishi kuhusu kosa maalumu, aitii. Lakini afisa akimjia kimyakimya, bila karatasi, akitaka orodha ya walionunua, au akitaka programu ya kusikiliza itiwe ndani ya simu kabla haijauzwa, hapo akatae. Mteja alinunua simu, hakununua sikio la mtu mwengine. Kumuuzia kitu kilichobeba jicho asilolijua ni ghushi iliyo mbaya kuliko maji katika maziwa.

Sisemi haya kwa wepesi. Mzigo ukizuiliwa bandarini Malindi gharama zinapanda, na nyumbani kuna watoto wanaosubiri ada ya skuli. Lakini amana huonekana pale inapogharimu. Anayetii mpaka akauza siri za jirani yake, utii wake umevuka mpaka, kwani hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Na wenye mamlaka nao wana zamu yao. Katiba ya Muungano, ibara ya 16, imeahidi hifadhi ya mawasiliano binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi tangu Mei 2023. Kila namba inayoandikwa forodhani ni amana iliyochukuliwa kwa shughuli maalumu. Ikitumiwa kwa shughuli nyengine, aliyevunja ahadi ni mwenye daftari, na si raia aliyeandikwa humo. Mkiilinda amana hiyo, mtawaona watu wakileta mizigo yao mlangoni wenyewe. Mkiivunja, msishangae njia za panya zikiota kila pwani.

Wallahu a'lam.