Je, Mchezo ni Mchezo Tu?



Wako ndugu wanaosema kwamba Kanisa lisitie mkono katika mambo ya michezo. Mchezo ni mchezo, wasema, siasa ni siasa na ibada ni ibada. Kila kimoja na kikae mahali pake. Neno hili lina busara yake, wala hatutaki kulidharau. Lakini tumeona vema kulipima kwa kukumbuka msimu mmoja wa kriketi huko Uingereza, yaani msimu wa mwaka 1970, ambao timu iliyongojewa haikufika.

Wengi wetu hatuujui sana mchezo wa kriketi. Huchezwa kwa gongo na mpira mgumu, na mechi kubwa baina ya mataifa huweza kuchukua siku tano. Timu ya taifa moja huzuru nchi nyingine kwa miezi kadhaa, ikienda uwanja hata uwanja. Kwa miaka mingi Afrika ya Kusini ilikuwa mojawapo ya mataifa hayo, lakini timu yake ilikuwa ya Weupe watupu, nayo ilicheza na Uingereza, Australia na New Zealand tu. Mtu mweusi, Mhindi au chotara, hata awe hodari namna gani, hakuweza kuchaguliwa.

Mmoja wa waliofungiwa mlango ni Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town, ambaye serikali ilimhesabu kuwa chotara. Mwaka 1958 alikuja Kenya akiongoza timu ya wachezaji wasio Weupe. Mwaka 1960 alihamia Uingereza, na mwaka 1966 akaanza kuichezea timu ya taifa ya huko. Mwezi wa Agosti 1968 alipata mikimbio 158 katika mechi dhidi ya Australia mjini London. Hata hivyo timu ya kwenda Afrika ya Kusini ilipotangazwa, jina lake halikuwamo. Watu wengi walinung'unika. Mchezaji mmoja alipojitoa kwa sababu ya kuumia, D'Oliveira aliwekwa mahali pake. Ndipo Waziri Mkuu Vorster akaikataa timu hiyo, na ziara ikafutwa.

Hata baada ya hayo, wakuu wa kriketi wa Uingereza waliialika Afrika ya Kusini kwa msimu wa 1970. Hapo ndipo swali lilipowafikia Wakristo. David Sheppard, aliyekuwa Askofu wa Woolwich, alipata kuwa nahodha wa Uingereza katika mchezo huo huo. Mwaka 1960, akiwa kasisi, alikataa kucheza na timu ya Weupe watupu. Sasa alisimama miongoni mwa waliotaka mwaliko uondolewe. Askofu Trevor Huddleston naye, ambaye ndugu zetu wa Masasi walimjua kama askofu wao tangu 1960 hadi 1968, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kusema kwamba dunia isicheze na ubaguzi. Viwanja vilizungushiwa seng'enge kwa hofu ya vijana waliotishia kuzuia mechi. Nchi za Afrika zikaonya kwamba hazitakwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwishowe, mwezi wa Mei, serikali ya Uingereza iliomba ziara ifutwe, nayo ikafutwa.

Basi, je, ilikuwa haki? Waliopinga walikuwa na hoja, nasi yatupasa kuzisikia. Walisema kwamba kukutana ni bora kuliko kutengana, na kwamba Bwana wetu alikula pamoja na watoza ushuru na wenye dhambi. Tena walisema kwamba vijana wa timu ile hawakutunga sheria za nchi yao. Na hili ni kweli: Barry Richards, mmoja wa wachezaji hodari sana wa wakati wake, alicheza mechi nne tu kubwa za kimataifa, kisha mlango ukafungwa.

Tuanze na hoja ya meza. Ni kweli Bwana alikula na wenye dhambi, lakini hatusomi popote kwamba alikubali sharti la kumfukuza maskini ili yeye akaribishwe. Kule Antiokia, Petro alijitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa wengine, na Paulo akamkemea mbele ya watu. Mtu aweza kuuliza: Je, Sheppard naye hakujitenga kama Petro? La hasha. Petro aliondoka mezani ili kuwapendeza waliobagua. Sheppard alikataa kuingia uwanjani kwa sababu wengine walizuiwa kuingia. Mtu anayekubali kucheza chini ya sharti la ubaguzi amekwisha kulitii sharti hilo, hata kama moyoni analichukia.

Hoja ya vijana wasio na hatia ni nzito zaidi, nasi hatuna jibu jepesi. Haki ikidaiwa, mara nyingi huwagharimu hata wale ambao hawakutenda kosa. Lakini tukihesabu hasara, tuzihesabu zote. Richards alipata mechi nne. Kwa ajili ya nchi yao, wenzake wasio Weupe hawakupata hata moja. Huzuni ya wa kwanza iliandikwa magazetini. Huzuni ya hao wengine ilizoeleka hata ikaonekana kama desturi. Tena Weupe wenyewe walianza kuamka: mwezi wa Aprili 1971, huko Newlands, wachezaji kadhaa walirusha mpira mmoja, wakatoka uwanjani kuupinga ubaguzi katika michezo.

Kiangazi kile cha 1970 Uingereza ilicheza na timu ya mchanganyiko wa mataifa. Nahodha alikuwa Garry Sobers, mtu mweusi wa Barbados, na chini yake walicheza Weupe wa Afrika ya Kusini, akiwamo Graeme Pollock. D'Oliveira aliichezea Uingereza. Basi watu hao waliweza kucheza pamoja. Kilichowazuia kwao ni sheria na woga tu. Afrika ya Kusini ilirudi katika kriketi ya kimataifa mwaka 1991, sheria hizo zilipokuwa zikiondolewa.

Twaandika haya si kwa ajili ya kuwahukumu watu wa mbali. Sisi nasi tuna viwanja vyetu. Vijana wetu wakichaguliwa kwa mashindano ya parishi, je, wa kabila dogo huitwa? Kwaya ikisafiri, je, asiye na nauli husaidiwa, au husahauliwa kimya kimya? Binti mwenye ulemavu hupewa kazi, au hupewa kiti cha nyuma? Tukishangilia bila kuuliza ni nani hayupo, na kwa sababu gani, tumekwisha kukubali sharti ambalo hatukulitunga.

Mungu atupe moyo wa kufurahi katika michezo yetu, na ushujaa wa kungoja nje pamoja na yule aliyefungiwa mlango, hata ufunguliwe kwa wote.