Mumia Asiye na Ulimi: Kuhusu Hadhi ya Maiti katika Sinema ya Kutisha

Mtazamaji anapotoka kuitazama sinema duni ya kutisha, aghalabu hulalamikia umaskini wake: mandhari ya kuazima, waigizaji wasioamini wanachokisema, na zimwi linalotembea polepole mno kumkamata yeyote. Makala haya yanashikilia kwamba lalamiko hili, ingawa lina ukweli, halijagusa kiini cha jambo. Kuvunjwa moyo kwa mtazamaji kuna upande wa kimaadili, nao ndio tunaonuia kuujadili. Mfano wetu ni *The Mummy's Hand*, filamu ya kampuni ya Universal ya Marekani iliyoongozwa na Christy Cabanne na kutolewa mwaka 1940.

Tuanze na umaskini wenyewe. Filamu hii ilitengenezwa kwa gharama ndogo, na haifichi. Masimulizi ya kale ya Misri yamejazwa vipande vilivyokatwa kutoka *The Mummy* ya Karl Freund ya mwaka 1932, na hekalu tunaloliona lilijengwa kwa ajili ya filamu nyingine kabisa. Hata hivyo, uhaba wa fedha hauwezi kuwa hoja ya mwisho. Katika *Poetiki*, Aristotle alikwisha kutuonya kwamba woga unaotokana na maonyesho ya jukwaani hutegemea zaidi gharama kuliko sanaa, ilhali mtunzi stadi huuzalisha katika mpangilio wa matukio. Freund mwenyewe ni shahidi. Katika tukio la kwanza la filamu yake, kufufuka kwa mumia kunaonyeshwa kwa jicho linalofumbuka kidogo, mkono unaoinyakua karatasi, na sanda inayoburuzwa mlangoni. Kijana aliyeshuhudia anaangua kicheko cha wazimu. Hakuna kilichogharimu sana hapo, lakini tunatishika.

Tofauti, basi, iko wapi? Imhotep, anayeigizwa na Boris Karloff katika filamu ya 1932, alizikwa hai kwa kujaribu kumfufua mpenzi wake. Akiisha kuamka huivua sanda, huzungumza, hukumbuka na hudai. Ni mwovu, ila ni mwovu mwenye hoja. Kharis wa 1940, anayeigizwa na Tom Tyler, ana kosa linalokaribia kuwa hilo hilo: aliiba majani ya tana ili amrejeshee uhai Binti Mfalme Ananka. Lakini kabla ya kuzikwa alikatwa ulimi. Tangu hapo yu chini ya amri ya makuhani: majani matatu huuweka moyo wake ukipiga, tisa humfanya atembee na kuua. Amekuwa kirungu mkononi mwa mtu mwingine. Huzuni yake inatajwa mara moja kisha inasahauliwa, na mtunzi hairejelei tena.

Pengine msomaji atapinga: Kharis hakuwahi kuwapo, na hata maiti wa kweli hana hisia. Nani basi ametendewa ubaya? Pingamizi hili ni zito. Lakini Kiswahili chenyewe hakijaliamua. Wapo wazungumzaji wasemao "maiti huyu", na wapo wasemao "maiti hii". Wa kwanza humweka marehemu katika ngeli ya watu. Wa pili huiweka miongoni mwa vitu. Kusitasita huku kwa sarufi ni kusitasita kwa dhamiri yetu. Tunamwosha maiti, tunamvisha sanda na kumshusha kaburini kwa upole, ijapokuwa twajua hasikii. Twafanya hivyo kwa sababu namna tunavyomtendea asiyeweza kutujibu hudhihirisha sisi ni nani.

Lugha yetu ina ushahidi mwingine. Neno *mumiani* lina asili moja na jina la Kizungu la maiti hawa: neno la Kiajemi na Kiarabu lililotaja utomvu mweusi wa ardhini uliotumiwa kama dawa. Huko Ulaya, kwa karne kadhaa, maiti za Misri zilisagwa na kuuzwa kwa wagonjwa. Afrika Mashariki, neno hilo hilo lilikuja kuhusishwa na watu wanaosemekana kuua ili wapate damu ya kutengenezea dawa. Wakati wa ukoloni uvumi huo ulienea sana. Kama habari za matukio, uvumi huo hauaminiki. Kama falsafa, una shabaha: unalitaja kosa la kuugeuza mwili wa mtu kuwa bidhaa.

Linganisha na *Al-Mummia* ya Mmisri Shadi Abdel Salam, ya mwaka 1969, inayotokana na kisa cha kweli cha mwaka 1881, maiti za mafarao zilipoondolewa katika maficho ya Deir el-Bahari. Wanis, kijana wa ukoo ulioishi kwa kuuza vito vya makaburi hayo, anatambua chakula chake kimetoka wapi. Ni kweli kwamba hii si sinema ya kutisha, na kwamba mumia wake hawasemi neno. Kwa hiyo ulimi peke yake si sharti. Kinachotakiwa ni kuwapo kwa aliye hai anayewajibika mbele ya maiti. Wanis anawajibika, na inamgharimu ukoo wake. Katika filamu ya 1940 hakuna anayewajibika: wachimbaji wanaofukua kaburi kutafuta mali ndio mashujaa, nao hurudi kwao salama.

Je, mtazamaji ametoka mikono mitupu katika hukumu hii? Hasha. Universal ilitoa filamu nyingine ya Kharis mwaka 1942, na mbili zaidi mwaka 1944, kwa kuwa hadhira ilirudi kulipa kiingilio. Sisi pia tuliingia tukitaka mwili wa mfu ututumbuize. Tukapewa hasa tulichokiomba, mwili mtupu. Kinyongo tunachotoka nacho si cha mteja aliyepunjwa tu. Ni cha mtu aliyekwenda kutazama kitu, na akatambua, akiwa amechelewa, kwamba palikuwa na mtu.