Kazi ya Mungu na Muhuri wa Halmashauri

Katika misiba ya Bariadi, iwe Somanda au Nyakabindi, kuna maneno ambayo hayakosi kusikika: kazi ya Mungu haina makosa. Huyasema mzee wa kanisa, huyasema shehe, huyasema jirani aliyekuja kukesha. Kwa mfiwa maneno hayo ni faraja, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Tatizo huanza yanapotoka kinywani mwa kiongozi wa mamlaka iliyotoa kibali cha jengo lililoua. Hapo hayamfariji mtu. Yanafunga mjadala.

Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Baadhi ya waliofukiwa waliwasiliana na waokoaji kwa simu wakiwa chini ya kifusi. Msiba ule ulifika mbali na Dar es Salaam, kwa sababu wenye maduka wa mikoani, Simiyu ikiwamo, mzigo wao huufuata Kariakoo. Baadaye wamiliki watatu wa jengo walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia. Mahakama ina kazi yake. Swali linalobaki nje ya mahakama ni hili: ofisi yenye dhamana ya usalama wa majengo inadaiwa nini na wafu?

Injili ya Luka, sura ya 13, inataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Yesu anawauliza wasikilizaji kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kuwa sivyo. Wahubiri wengi huwahi kwenye wito wa toba unaofuata, wakalipita jibu lile mbiombio. Lakini jibu lile ni zito: aliyefukiwa hana la kulaumiwa. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, linakwenda mbele zaidi. Maiti ikikutwa shambani na muuaji hajulikani, umbali upimwe, na wazee wa mji ulio karibu zaidi watoke kuja kujibu mbele ya makuhani. Wazee hao hawakuua. Wanaitwa kwa sababu eneo ni lao. Waislamu nao wana Hadithi mashuhuri inayomfanya kila mtu kuwa mchunga atakayeulizwa juu ya alichokabidhiwa, na anayetajwa wa kwanza ni kiongozi.

Hii ndiyo tofauti ambayo mjadala wetu huichanganya kila mara. Kuwa na hatia ni jambo moja, kuwajibika ni jingine. Mwanafalsafa Karl Jaspers aliitenga mipaka hiyo mwaka 1946, Ujerumani ikiwa magofu: kosa la jinai huamuliwa na mahakama, dhamana ya kisiasa hubebwa hata na ambaye mkono wake ni safi.

Bariadi haihitaji kwenda Ujerumani kulijifunza hilo. Mwaka 1976, ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha msako Shinyanga na Mwanza kukomesha mauaji yaliyohusishwa na imani za kichawi. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu wala hakuagiza apigwe. Angeweza kusema, na angeaminika, kwamba waliofanya hivyo ni maofisa walioko mbali naye. Alijiuzulu, na Nyerere akakubali. Baadaye alipelekwa ubalozini Misri, na mwaka 1985 akawa Rais. Wanaodhani kuwajibika ni kujichimbia kaburi la kisiasa waitazame tena historia hii. Kilichotokea ni kwamba wafiwa wa Usukumani waliona kiti kikubwa kikiachwa wazi kwa ajili ya wafu wao.

Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo watumishi wa Manispaa ya Ilala. Ni hatua, ila haitoshi. Mtumishi akipelekwa kizimbani peke yake, ofisi hubaki imekaa kama vile aligonga muhuri wa mtu mwingine.

Usukuma wa zamani ulikuwa na ukali wa upande wa pili. Ntemi, yaani chifu, alibeba dhamana ya mvua, na ukame ukizidi aliweza kuondolewa kitini, ingawa hakuna binadamu anayeamuru mawingu. Hiyo haikuwa haki. Lakini leo halmashauri haiulizwi hata juu ya kilicho mikononi mwake kabisa: ramani iliyopitishwa, mkaguzi ambaye hakufika.

Kweli, si kila kifo cha ndani ya nyumba ni cha ofisi. Machi 2015 mvua ya mawe ilipiga usiku katika kijiji cha Mwakata, Kahama, na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wakiangukiwa na kuta za udongo. Mvua ile haikutumwa na mtendaji wa kata. Hata hivyo haikuua peke yake. Kuta nazo ziliua.

Na kuta zina dalili zake. Mabondeni kuzunguka Bariadi kuna udongo mweusi ambao Wasukuma huuita mbuga. Wakati wa mvua huvimba, kiangazi hupasuka. Nyumba yenye msingi mfupi juu yake huanza kwa ufa mwembamba kwenye pembe ya dirisha, ukapanda mshazari hadi kwenye lenta. Fundi huuziba kwa saruji, mwenye nyumba anapaka rangi, mvua zikirudi unafunguka palepale. Mhandisi anayefika na kuangalia huuona bila kifaa chochote.

Wanasheria watasema kukiri ni kujitafutia madai ya fidia. Lakini kuwajibika si lazima kungoje uchunguzi uishe. Huko London, baada ya jengo la Grenfell kuungua Juni 2017 na kuua watu 72, kiongozi wa halmashauri ya Kensington na Chelsea alijiuzulu ndani ya wiki chache. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi ilitoka Septemba 2024, na halmashauri ikaomba radhi. Wafiwa walikuwa wameisubiri ripoti hiyo miaka saba.

Tangu Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012 na Bariadi makao yake makuu, mji umekuwa ukijengwa. Baraza la madiwani linaweza kuanza na orodha ya vibali vyote vya ghorofa vilivyotolewa tangu hapo, nani alikagua na lini, isomwe hadharani wananchi wakiwapo, wakati bado hakuna aliyekufa.