Mjumbe na Maikrofoni

Waswahili husema mjumbe hauawi. Sina ugomvi na methali hii, ila naona twaitumia kupita mipaka yake, na mipaka hiyo huonekana vizuri mtu akiitazama maikrofoni.

Tuchukue zile za studio zilizoundwa wakati wa Muungano wa Sovieti na kiwanda cha Oktava, kilichoanzishwa mwaka 1927 katika mji wa Tula, kusini mwa Moscow. Nyingi zilipewa herufi MD, yaani maikrofoni ya dainamiki. Ndani yake mna utando mwembamba ulioshikana na koili ya waya, na koili hiyo imo katikati ya sumaku. Mtu akisema, utando hutikisika, koili hutikisika nao, na umeme kidogo sana huzaliwa. Sisi huiita kipaza sauti, lakini kwa hakika haipazi kitu. Husikia tu, kupaza ni kazi ya amplifaya.

Tena haiulizi. Ukweli na uongo huupokea kwa utiifu uleule.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha nyuklia kililipuka huko Chernobyl. Mchana kutwa watoto wa mji jirani wa Pripyat walicheza nje. Siku ya pili, redio ya mji iliwatangazia wakazi, wapatao 49,000, waondoke kwa muda. Hawakurudi kuishi tena. Taifa zima lilipewa habari kwa maneno machache usiku wa tarehe 28, baada ya mionzi kugunduliwa hadi Uswidi. Katika saa zote hizo studio hazikukosa maikrofoni. Kilichokosekana ni mtu wa kusema mbele yake.

Je, hatia ni ya nani? Chombo hakina, kwa kuwa hakijui. Msomaji wa tangazo, ikiwa alipewa karatasi asijue zaidi ya yaliyoandikwa, yu karibu na chombo, na methali yetu yamkinga. Lakini yule aliyejua kuwa hewa ina sumu, akaiacha Jumamosi ile ipite, atajificha nyuma ya methali gani?

Najua jibu litakalotolewa: alikuwa na wakubwa, na alikuwa na watoto wa kulisha. Jibu hili si la kudharau. Hofu hupunguza lawama, nami simtaki kila mtu awe shujaa. Hata hivyo, hofu haimgeuzi mtu kuwa koili na sumaku. Baada ya kuogopa bado anajua, na anayejua ameshapewa amana.

Kwa hiyo mjumbe na asiuawe. Ila aliyejua akanyamaza hakuwa mjumbe. Alikuwa mmoja wa waliotuma.