Ustahimilivu na Ukaidi

Katika milima ya Mbinga, na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa kutoka Lituhi mpaka Mbamba Bay, dini ya Kikristo imekaa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwamini wa huko amezoea kuwaheshimu watakatifu na mashahidi wa imani. Basi afanyeje ajionapo anamheshimu mwanariadha? Je, ni halali moyo uliofundwa kumsifu Mungu ujae sifa za mtu aliyeshindana kwa miguu? Swali hili si dogo, maana aghalabu mtu hufanana na kile akistaajabiacho.

Mfano bora ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio ndefu za Olimpiki katika Mexico City, mji ulioinuka juu ya bahari kiasi cha meta 2,240, ambako hewa ni nyepesi na pumzi ni haba. Njiani alianguka, goti likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari alifika kwa saa 3 na dakika 25, giza limekwisha ingia, mguu umefungwa kitambaa, watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Alikuwa wa 57, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliyafananisha maisha ya mwamini na mbio. Kwa hiyo uwanja wa michezo si mgeni katika mafundisho ya Kikristo. Walakini mfano wa Paulo ni wa mtu apataye tuzo, na Akhwari hakupata. Amsifuye mtu wa mwisho hasifu ushindi, wala hasifu kasi. Asifu nini, basi?

Jibu jepesi ni kwamba asifu maumivu. Jibu hili lina hatari. Katika mbio zile zile Abebe Bikila wa Ethiopia, mshindi wa mwaka 1960 na wa mwaka 1964, alitoka njiani kwa sababu ya mguu mbovu. Kama maumivu ndiyo sifa, Bikila ni mwoga. Na hapana mtu mwenye akili awezaye kusema hivyo. Mvuvi wa Liuli ageuzaye mtumbwi upepo wa kusini unapochafua ziwa haitwi mwoga, bali huitwa baba mwenye watoto. Ziwa hilo lilimmeza Askofu Chauncy Maples usiku mmoja wa mwaka 1895, alipokuwa safarini kwenda Likoma na dhoruba ikaipindua mashua. Maji hayapimi bidii ya mtu wala utakatifu wake.

Ustahimilivu na ukaidi, basi, ni ndugu wa sura moja lakini si wa tabia moja. Watambulikana kwa maswali mawili. La kwanza: ni amana gani itimizwayo? La pili: ni nani alipaye gharama? Mkaidi hutimiza neno lake mwenyewe, na mara nyingi hulipa kwa mali ya wengine: mkewe, watoto wake, au wenzake waliomo chomboni. Mstahimilivu hutimiza amana aliyopewa, na gharama huitoa katika nafsi yake. Akhwari alitumwa na nchi iliyokuwa imejitawala kwa miaka saba tu. Goti lililouma lilikuwa lake. Hapo ndipo sifa yake ilipo. Bikila naye hakuvunja amana. Mwili wake ulikataa, naye akausikiliza. Heshima ya mmoja haihitaji aibu ya mwingine.

Lakini iko hatari nyingine, nayo humpata msifu mwenyewe. Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mtu aweza kumstaajabia mstahimilivu mpaka akadhani kwamba kustaajabu ni kustahimili. Husimulia mbio za mwingine huku shamba lake limeota magugu. Sifa ya namna hiyo ni karibu na ibada ya sanamu, kwa kuwa sanamu nayo huomba kutazamwa, haiombi kufuatwa.

Wamatengo wana dawa ya maradhi hayo katika mashimo ya ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa miraba miraba juu ya mteremko, udongo hufukuliwa na kufunikwa juu yake, maharage hupandwa, na msimu ufuatao hufuata mahindi. Hapana apigaye makofi, wala hapana mshindi. Lakini mvua kubwa ijapo, udongo hubaki mlimani. Mwamini alimaye hivyo ana haki ya kumsifu Akhwari, maana asifu kwa mwingine jambo alijualo kwa mikono yake. Asiyelima bado, na asifu pia. Lakini ajue kwamba sifa ile ni deni, na deni hulipwa kwa kazi.